Mishahara Ndani ya Mashine Iliyogoma

Mwaka 1992 nilikuwa karani wa mishahara katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Tangu 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata marufuku hayo yalipolegezwa mashine zilibaki adimu, mafundi wake adimu zaidi. Hesabu zote za malipo zilikaa kwenye kompyuta yangu, ndani ya programu ya Lotus 1-2-3.

Mwisho wa mwezi, siku chache baada ya kufungiwa kadi ya mtandao, ikagoma. Taa iliwaka, ikahesabu kumbukumbu yake, ikaandika mistari michache, kisha ikaganda. Ukiizima na kuiwasha, inaganda palepale. Vibarua walishajaa kwenye ngazi wakingoja pesa zao, na meneja alikuwa ameanza kusema diski ifutwe yote, mfumo wa MS-DOS uwekwe upya.

Fundi aliyeitwa alikuwa mzee wa maneno machache. Alichomeka disketi, kwa kuwa mashine zile zilitafuta mfumo kwenye disketi kwanza ndipo ziende kwenye diski ya ndani. Ikawaka. Akaandika DIR C:, na majina ya mafaili yangu yakateremka kwenye skrini, yote. Machozi yalinilengalenga.

"Binti, hapa hatufuti kitu," aliniambia. "Tunabadilisha jina tu."

CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, mafaili mawili ya maagizo ambayo MS-DOS iliyasoma ilipowaka, akayapa majina mengine. Bila mafaili hayo MS-DOS iliwaka peke yake, tupu. Kisha akaanza kurudisha mstari mmoja mmoja, kila mara akiiwasha upya. Toleo la 6, lililokuja mwaka uliofuata, lilikuwa na kitufe cha F8 cha kuuliza mstari kwa mstari. Sisi tulikuwa na la 5, kwa hiyo kazi ilikuwa ya subira.

Iliganda kila ilipofika kwenye programu ya mtandao. Lakini mzee hakuilaumu. Alirudi kwenye mstari wa EMM386, programu iliyotafuta nafasi tupu ya kumbukumbu juu ya KB 640 ili programu nyingine zipate pa kukaa. Ilikuwa imejichukulia nafasi ya kadi mpya ikidhani haina mwenyewe. Akafungua kijitabu cha kadi, akasoma anwani yake, akaongeza mwishoni mwa mstari X=D000-D3FF, yaani hapo usiguse. Kompyuta ikawaka hadi mwisho.

Hadi leo namheshimu kwa hilo: hakubahatisha. Mafaili yale yalikuwa maandishi ya kawaida, naye aliyasoma kama mtu anayeamini kwamba jibu limo humo.

Vibarua walilipwa kabla ya magharibi. Ofisi ilipotulia nilimwomba anifundishe amri ya FORMAT A: /S, nikatengeneza disketi ya kuwashia kila kompyuta tuliyokuwa nayo, na ndani ya kila moja nikanakili mafaili yake yale mawili.