Kalamu ya Kukodi

Vijana wenzangu, kila tunapokutana kusomeana kazi zetu, mazungumzo hayakawii kufika kwenye kompyuta. Wewe unaandikia programu gani? Umeipata wapi? Kwa shilingi ngapi? Mwenye laptopu ya mtumba anatamani ile ya maofisini, na mwenye simu tu anajiona kama hajaalikwa kwenye uandishi. Mimi naona tunakimbilia bei kabla ya kuuliza jambo kubwa zaidi: maneno niliyoyaandika leo, je, mwakani nikiwa sina hata senti nitaweza kuyafungua na kuyarekebisha?

Siulizi hivyo kwa kujifurahisha. Rafiki yangu mmoja wa Magomeni alikuwa na mswada wa hadithi fupi tisa, kazi ya miaka miwili. Laptopu yake ilikuja na programu ya kulipia iliyokuwa kwenye muda wa majaribio. Siku tatu kabla shindano halijafungwa, muda ule ukaisha. Mswada ulifunguka na kusomeka vizuri tu, ila kuongeza hata nukta ikawa haiwezekani. Akanipigia simu: "Kaka, hadithi zangu naziona, ila sizigusi."

Fundi mmoja wa mtaani kwao akajitolea kumwekea kopi ya wizi kwa elfu kumi. Nikamwambia, dada, achana nayo. Kopi zile zimevunjwa kufuli na watu tusiowajua, na virusi hupenda kupanda gari lile lile. Akanitumia faili kwa barua pepe, nikalifungua kwa LibreOffice, ambayo ni ya bure. Mistari ilisogea kidogo na namba za kurasa zikahama, lakini hadithi zote tisa zilikuwapo. Akaja kwangu Ilala na mdogo wake, akarekebisha mpaka usiku, akatuma. Hakushinda. Lakini mswada anao, na bado anaufanyia kazi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Programu ya kulipia kila mwezi ni kalamu ya kukodi: inaandika vizuri, ila kodi ikikatika mwenyewe anaichukua. Kama mwajiri anakulipia, itumie bila wasiwasi. Ila sisi ambao leo tunazo na kesho hatuna, tutafute kalamu isiyodai kodi.

Tena kalamu hiyo si ngeni kwetu. Kampuni ya Sun Microsystems ilinunua StarOffice ya Ujerumani mwaka 1999, na mwaka 2000 ikaiweka wazi kwa umma kwa jina la OpenOffice.org. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, yaani programu ile ile ikizungumza Kiswahili. LibreOffice ni tawi lililochipuka kutoka hapo mwaka 2010. Kwa hiyo anayedhani vitu hivi ni vya Wazungu peke yao, ajue kuna Waswahili walioshika jembe katika shamba hilo.

Kwa mwandishi wa Kiswahili kuna faida nyingine. Wengi wetu tumezoea ukurasa uliojaa mistari myekundu, utadhani mwalimu wa Kiingereza amesahihisha ngano ya Sungura na Fisi. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Chagua Kiswahili kuwa lugha ya maandishi, hakikisha kamusi yenyewe imewekwa, na wekundu utapungua sana. Programu yenyewe ina zaidi ya megabaiti 300, hivyo usiishushe kwa bando la siku. Mwombe mwenzako akuwekee kwenye flashi. Kumpa mtu kopi yake si wizi, leseni inaruhusu.

Faili zake za kawaida huishia na odt. Huo ni mtindo uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006, na programu nyingine pia huusoma. Mhariri akitaka docx, mhifadhie kopi ya docx, wewe ubaki na asili yako.

Na mwenye simu tu? Google Docs haidai pesa, na ukiiandaa mapema inaandika hata bando likiisha. Ila kila mwisho wa wiki shusha kopi ya kazi yako uiweke mahali pengine, maana nywila ikipotea na mswada unaweza kwenda nayo.

Asikutishe mtu kwa upya wa mashine. George R. R. Martin, yule wa riwaya za *Game of Thrones*, alisema mwaka 2014 kwamba anaandikia WordStar 4.0, programu ya miaka ya 1980, kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Vitabu vyake vinene mmeviona.

Basi kabla hujatoa noti yako, andika ukurasa mmoja tu. Uhifadhi, uupeleke steshenari, mwombe kijana wa pale aufungue kwenye mashine yake na abadilishe neno moja. Akiweza, programu hiyo inakufaa. Akishindwa, hata wakikupa bure ni ghali.