Mpangaji na mpangaji wakutana Mukuru

Lugha yetu ina neno moja kwa watu wawili ambao kwa miaka mingi hawakujuana. Mpangaji ni yule anayelipa kodi ya chumba kila mwisho wa mwezi. Mpangaji pia ni yule msomi anayeketi ofisini akichora ramani ya mji, hapa barabara, pale shule, kule mtaro. Ukitaka kuwaona wawili hawa wakitembea pamoja, njoo tuzuru Mukuru.

Toka katikati ya jiji la Nairobi ushike Enterprise Road, upite Eneo la Viwanda na malori yake. Nyuma ya kuta za viwanda ndiko mabati yanakoanzia: Viwandani, Kwa Reuben na Kwa Njenga, mitaa mitatu iliyosongamana karibu na Mto Ngong. Humo mna zaidi ya kaya 100,000. Viko vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono yako miwili utagusa nyumba za majirani wawili. Maji hununuliwa kwa mtungi, na ukipiga hesabu utaona kuwa mkazi wa hapa hulipia maji ghali kuliko bwanyenye wa Lavington mwenye bomba jikoni. Stima ni vivyo hivyo.

Sehemu kubwa ya ardhi hii ilikuwa ya umma. Katika miaka ya 1980 na 1990 iligawiwa watu binafsi na makampuni kwa sharti la kujenga viwanda vidogo, ambavyo vingi havikujengwa. Wakazi walijenga vibanda, na tangu hapo wamelala sikio moja likisikiliza tingatinga.

Mnamo Agosti 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Tangazo hilo halikudondoka kutoka mbinguni. Lilitanguliwa na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakishirikiana na Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda kilichozaliwa mwaka wa 1996 kupinga ubomoaji. Wanafunzi wa mipango ya miji walikuwa tayari wameonja kazi kama hiyo Mathare.

Sasa mtazame mwanafunzi huyo akiingia Mukuru kwa mara ya kwanza. Mkononi ana picha iliyopigwa kutoka angani, paa juu ya paa, na kwa picha hiyo anadhani ameujua mtaa. Mama mboga atamuuliza mbona mtaro ameuchora mahali ambapo mvua ya Aprili hupita sebuleni. Kijana wa mkokoteni atamwonyesha kona ambayo gari la zimamoto haliwezi kukata. Mambo hayo hayaonekani kutoka angani, wala mhadhiri hawezi kuyasoma ubaoni.

Kisha kuna suala la barabara, na hapa ndipo vitabu hutokwa na jasho. Kipimo kilichozoeleka hudai barabara ya mtaani iwe na upana wa mita 9. Chora mita hizo kwenye ramani ya Kwa Reuben halafu uhesabu vyumba vilivyo chini ya wino wako. Mwanafunzi akishavihesabu, hulazimika kuketi na wenyewe. Kwa sababu hiyo wakazi walipangwa kwa makundi, kaya 10 zikimchagua mwakilishi, makundi 10 yakikutana, ili kila barabara ijadiliwe na wale itakaowapitia. Ni kazi ya polepole, na nadhani mwanafunzi asiye na subira heri akasomee uhasibu.

Matunda yapo. Kuanzia mwaka wa 2020 barabara kadhaa zilitengenezwa, na mabomba membamba ya majitaka yakalazwa vichochoroni, mahali ambapo bomba la kawaida lingehitaji kubomoa nyumba.

Lakini nisikufiche, msomaji. Mwishoni mwa 2021 tingatinga ziliingia Kwa Njenga kupisha barabara, na makumi ya maelfu ya watu wakaachwa nje, watoto na magodoro juu ya vifusi. Hawa ni watu waliokuwa wamehesabiwa, wakaketi mikutanoni, wakaonyesha kwa kidole wanapotaka njia ipite. Ramani waliyoichora pamoja na wanavyuo haikuwa ngao siku hiyo.

Baadhi yao walirudi na kujenga tena palepale. Wanafunzi nao humaliza masomo, na baadhi huajiriwa katika ofisi za kaunti, penye kalamu na mihuri. Ukienda Mukuru utawakuta wakazi wanaowakumbuka vijana waliokuja na futi za kupimia. Watakuuliza kama unawajua, na kama siku hizi wao ndio wanaotia sahihi.