Kilomita 42 na Deni Lisilodaiwa

Ahadi ni deni, walisema wahenga. Hawakusema deni hilo linakuwaje pale mliyeahidiana naye asipotimiza upande wake. Na je, kama mliyeahidiana naye ni Mungu?

Wapenzi wa fasihi mtanivumilia. Leo sina riwaya ya kuchambua wala diwani ya kusifia. Nina swali la nadhiri, na njia pekee ninayoijua ya kulieleza inapita kwenye marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, chukua safari ya kutoka Posta hadi Kibaha, halafu ondoa daladala.

Ndoto yenyewe ni ya zamani. Mbio za Kilimanjaro Marathon zilianza mwaka 2003, na wakati huo nilikuwa shule ya msingi huko huko Moshi. Baba yangu, ambaye nyumbani sote tulimwita Mzee hata kabla hajazeeka, alitupeleka barabarani kuangalia. Sisi kukimbia tulikokujua ni mchakamchaka: mnapangwa mistari asubuhi, mnaimba, na mwalimu yuko nyuma na fimbo yake. Watu wa siku ile hawakuwa wanaimba, na hakukuwa na mwalimu nyuma yao. Nyuso zao zilikuwa za watu wanaowaza jambo zito. Nikamuuliza Mzee ni nani anawafukuza. Akacheka, akasema, "Ngoja ukue uwaulize."

Nikakua, nikasoma Mlimani, nikaingia kwenye uandishi wa habari. Kazi hii inakula usiku wa mtu na mgongo wake. Ndoto ya Moshi ikabaki kuwa kitu cha kusema kila Januari na kusahau kila Machi, mpaka figo za Mzee zilipofeli.

Tulimleta Dar akae kwangu. Mara tatu kwa wiki alikuwa anasafishwa damu kwa mashine, kila mara kama saa nne hivi, na mimi nikawa nahariri habari kwenye benchi la korido. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameanza vipimo ili aone kama anaweza kumtolea figo moja. Ni kwenye benchi lile nilipoweka nadhiri. Nilisema moyoni, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa: Mungu, Mzee akipona, nitakimbia zile 42 za Moshi, na kila kilomita itakuwa ya kukushukuru.

Sharti liko pale pale mwanzoni: akipona. Nilikuwa nawajua Hana na Yeftha wa kwenye Agano la Kale. Mmoja aliomba mtoto, mwingine aliomba ushindi vitani. Yeftha nadhiri ilimgharimu binti yake, lakini wote wawili walipewa walichoomba. Ndivyo nadhiri ilivyo kwenye kichwa cha mtu wa kanisani kama mimi: unaomba, unapewa, unalipa.

Basi nikaanza mazoezi kabla ya kupewa, kama mtu anayeweka akiba ya kulipia mzigo ulioko bandarini.

Peke yangu nisingefika popote. Mwanamke anayekimbia peke yake Dar saa kumi na moja alfajiri anakimbia mambo mengi kwa wakati mmoja: mbwa, pikipiki zisizo na taa, na wanaume wanaodhani ukikimbia unataka kuongeleshwa. Nilihitaji watu. Walijitokeza watatu, na wameniomba nisiwataje majina, kwa hiyo nitawaita kama tunavyoitana. Wa kwanza ni Mwalimu, jirani yangu, anafundisha shule ya msingi. Wa pili ni Fundi, tulisoma naye chuo, akaacha ajira akajiajiri kutengeneza mafriji. Wa tatu ni Dogo wa bodaboda, ambaye hakimbii hata hatua moja. Kazi yake ilikuwa kutufuata taratibu na taa yake, akiwa amebeba maji, ndizi mbivu na chupa ya uji wa ulezi. Kila tulipomtolea hela alisema, "Dada, wekeni kwenye matibabu ya Mzee."

Saa ya kuanza haikupangwa na mimi wala na programu ya kwenye simu. Ilipangwa na adhana. Mwalimu ni Mwislamu, hawezi kutoka kabla ya kuswali alfajiri. Kwa hiyo mimi Mkatoliki niliamshwa na adhana kwa miezi yote ile, nikavaa raba zangu za mtumba wa Karume, nikasubiri jirani yangu amalize swala yake. Fundi ni mlokole. Yeye lazima aombe kwa sauti kabla ya kunyoosha misuli, na mbwa wa mtaa mzima wanaitikia. Hatukuwahi kukaa tukajadili dini ya nani ni ya kweli. Pumzi haikutosha.

Tulikuwa tunatoka Mikocheni, tunapita Coco Beach, tunapanda Daraja la Tanzanite, tunashukia barabara ya Barack Obama hadi Kivukoni, kisha tunarudi. Daraja lile lina urefu wa kama kilomita moja, na kabla jua halijachomoza upepo wa bahari unakupiga ubavuni bila huruma. Mimi nilihesabu hatua kwa rozari. Mafumbo matano yalinitosha kuvuka daraja na bado nikabaki na barabara ya kutosha. Mwalimu alihesabu kwa tasbihi yake ya vidole, 33, 33, 34. Siku moja tuligundua kwamba tunapochoka sana, miguu yetu inakanyaga chini kwa pamoja, yeye na zake mimi na zangu.

Tulianza na kilomita 8, tukaenda 12, 16, 21. Kwa sababu Dar ni tambarare na Moshi ni mlima, Jumamosi nyingine tulikwenda Pugu kutafuta vilima. Shangazi yangu aliponiona na kucha nyeusi za miguu alisikitika: "Mwanangu, mbio hizi ni za wanaume." Sikubishana naye. Hata Olimpiki yenyewe ilisubiri hadi mwaka 1984, kule Los Angeles, ndipo ikaruhusu wanawake wakimbie marathoni. Shangazi yangu hayuko nyuma sana ya dunia.

Mwanzoni mwa Desemba, kaka akiwa amebakiza vipimo vichache, Mzee alifariki.

Tulimsafirisha, tukamzika Kibosho kwenye kihamba chake, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Mwalimu na Fundi walipanda basi usiku wakaja kuzika. Dogo alituma elfu ishirini, na ninajua kabisa anavyoipata elfu ishirini.

Nikarudi Dar. Raba zikakaa nyuma ya mlango. Jamani, sikuwa na hasira na Mungu, maana hasira nayo inataka nguvu. Nilikuwa kama mtu aliyefuata mzigo bandarini na akiba yake mkononi, akaambiwa meli haipo.

Baada ya arobaini ndogo ya kimya changu, ambayo haikufika hata wiki tatu, Mwalimu alikuja jioni na sufuria la wali wa nazi. Alikaa jikoni akasema amemuuliza ustadhi wake jambo. "Nadhiri yenye sharti, shoga yangu, sharti lisipotimia haikufungi. Huna deni." Jumapili yake nami nikamuuliza padri baada ya misa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu karibu maneno yale yale: Mungu hanidai mbio.

Nilidhani nitapumua. Badala yake ule uhuru ulinikera. Deni lina faida moja: linakuamsha asubuhi. Sasa hapakuwa na mwenye kudai mbinguni wala duniani, na kitanda kilikuwa kitamu.

Siku hizo kazini nilipewa kuandika habari fupi kuhusu John Stephen Akhwari. Watanzania wengi tunakijua kisa chake. Mexico City, Oktoba 1968, mji ulioko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Waliondoka wakimbiaji 75, wakamaliza 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari, aliyeanguka njiani na kuumia goti, aliingia uwanjani wa mwisho, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, mguu umefungwa bandeji, watazamaji wengi wameshaondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza.

Tumekisimulia kisa hiki mpaka kimekuwa kama hotuba ya mahafali. Lakini usiku ule, nikiwa natafuta aya ya kufungia, nilikisoma kwa macho mengine. Medali zilikuwa zimekwisha kutolewa. Zaidi ya saa nzima ilikuwa imepita. Hakuna kiongozi yeyote wa Tanzania ambaye angemlaumu mtu mwenye goti lile. Kwa hesabu ya haki na madai, Akhwari hakuwa anadaiwa. Alilipa hata hivyo. Na kwa sababu hakudaiwa, alichotoa hakikuwa malipo tena. Kilikuwa zawadi.

Nilituma habari kwa mhariri saa tano usiku. Saa kumi na moja na robo alfajiri honi ya pikipiki ililia mara moja getini, kama ilivyokuwa inalia kila Jumamosi. Baadaye nilikuja kujua kwamba wale watatu walikuwa wamekuja hapo Jumamosi zote nilizolala, honi moja, dakika tano, kisha wanaondoka. Sikuwahi kuisikia. Siku hiyo niliisikia.

Tulikuwa na wiki tisa. Tulikimbia 18, 24, 28, na mara moja tu 32. Rozari niliendelea nayo, lakini maneno yake yalibadilika uzito. Zamani kila salamu ilikuwa sarafu ninayoihesabu mezani. Sasa zilikuwa salamu tu, kama unavyomsalimia mtu bila kumwomba kitu.

Moshi, mwisho wa Februari. Mbio zinaanzia na kumalizikia uwanja wa Ushirika, kwenye chuo ambacho tangu mwaka 1963 kimekuwa kikifundisha watu wetu namna ya kubebeana mizigo. Mwalimu na Fundi walijiandikisha kilomita 21. Dogo alikuja na basi, pikipiki kaiacha Dar, akasimama barabarani na ndizi zake.

Kwanza mnatoka kuelekea barabara ya Dar es Salaam, kunateremka na kunyooka, watu wanacheka na kupiga picha. Mnageuza, na mlima wote uko mbele yenu, theluji yake kidogo juu. Kisha ndipo mbio zinapoanza kweli: kupanda kwenda Mweka, kilomita baada ya kilomita, katikati ya migomba na mibuni, hadi geuzio lililo karibu na kilomita ya 32. Waliopanga njia hii wanaujua mwili wa binadamu. Ni maeneo hayo hayo ambapo sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini huelekea kwisha, na mguu unakuwa gogo. Kile kinachowaangusha watu kwenye marathoni za tambarare, Moshi unakipata ukiwa unapanda.

Huko juu ndiko kwetu. Watu wameniuliza kama nilimwona Mzee, au nilisikia sauti yake. Hapana. Kihamba chetu hakionekani kutoka barabarani. Niliona migomba, akina mama waliobeba ndoo za maji, watoto waliotandaza viganja tuvigonge. Mmoja wao, msichana wa kama miaka kumi, alipiga kelele kwa Kichaga nikaze mwendo. Nilijaribu kumjibu, sauti haikutoka. Nikamgonga kiganja. Hicho ndicho kilichotokea Kibosho.

Kuteremka kunaumiza mapaja kuliko kupanda. Kilomita ya 38 nilikuwa natembea. Kilomita ya 39 niliwakuta Mwalimu na Fundi wamekaa kwenye ukingo wa mtaro, medali zao za 21 shingoni, wamenisubiri muda mrefu. Waliinuka bila kusema neno wakaanza kutembea pembeni yangu, nje ya njia ya wakimbiaji, ili nisivunje taratibu. Nilipoanza tena kuchechemea kwa mbio, nao wakachechemea. Fundi, ambaye hajawahi kunyamaza tangu nimfahamu, alinyamaza. Nikisikiliza vizuri niliisikia midomo ya Mwalimu: 33, 33, 34.

Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 51. Kwenye orodha jina langu liko chini sana, utachoka kabla hujalifikia.

Wiki iliyofuata paroko alinitania: sasa nimelipa nadhiri yangu? Nikamwambia hapana, Padri, wewe mwenyewe ulisema sikuwa nadaiwa. Nilikwenda kusalimia tu.