Ufunguo wa Harambee Ulikuwa kwa Mama

Msomaji mpenzi, ikiwa umewahi kuwa mweka hazina wa harambee, basi wajua kwamba fedha za watu ni moto. Mimi nilizishika, au tuseme nilidhani nimezishika, mnamo Septemba 2022, na kwa wiki nzima nikaonekana mwizi mbele ya ukoo wangu.

Bila shaka wakumbuka mwaka huo. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu minne mfululizo tangu mwisho wa 2020, na wa tano nao ukaja kukosa. Huko kwetu Kaskazini Mashariki ng'ombe walikwisha kwanza, wakafuata kondoo na mbuzi, hata ngamia wakaanza kuanguka. Sisi tulio Nairobi tukakutana Eastleigh, tukakubaliana kuchanga fedha za kukodi bauza za maji.

Zamani tungepitisha daftari. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, akasema daftari limepitwa na wakati: siku hizi kuna tovuti za harambee, ambapo jamaa aliye Minneapolis au Dubai huchanga bila kuinuka kitini, na kila senti huonekana na wote. Kabla chai haijapoa alikuwa amekwisha kufungua ukurasa.

Sikatai, fedha ziliingia. Kwa siku 9 tulipata shilingi 186,400, na mwenye bauza akakubali bei. Siku ya 10 kijana akaibiwa simu ndani ya matatu.

"Si kitu, abti," akaniambia. "Tutaingia kwa simu yako."

Hatukuingia. Neno la siri alikuwa amelisahau, maana simu yake ndiyo iliyokuwa ikilihifadhi. Tukabonyeza palipoandikwa kwa waliosahau. Tovuti ikatujibu kwa adabu kwamba imetuma nambari ya siri kwenye laini iliyofungulia ukurasa, yaani ile iliyokuwa mfukoni mwa mwizi! Tukabahatisha, tukabahatisha, hata tukafungiwa nje kwa saa 24. Niliwaandikia wenye tovuti kwamba watu wana kiu. Wakasema tuthibitishe kwa laini ile ile. Nilikasirika mno, ingawa leo nawaelewa. Wangemfungulia kila anayelia, wezi wangelia kutushinda.

Dawa ilikuwa moja tu, kuirudisha laini. Unakwenda dukani na kitambulisho, ya zamani inazimwa, unapewa kadi mpya yenye nambari ile ile. Nikamwambia kijana twende. Akainama.

"Abti, laini si yangu. Imesajiliwa kwa jina la ayeeyo."

Ayeeyo ni bibi yake, mama yangu mzazi.

Huenda ukashangaa, msomaji wa mjini, kijana wa miaka 20 kukosa laini ya jina lake. Kwetu halikuwa jambo la ajabu. Ili apate kitambulisho, kijana wa Garissa, Wajir au Mandera alipigwa msasa mbele ya wazee na maafisa, athibitishe kwamba ni Mkenya. Wengine walinyimwa kwa kuwa majina yao yalikutwa katika orodha za wakimbizi za Dadaab, ambako wazazi waliwaandikisha wakati wa njaa ili wapate posho. Msasa huo Rais William Ruto alitangaza kuuondoa Februari 2025. Mwaka ule ulikuwapo, na mpwa wangu alikuwa amengoja miaka miwili. Laini alipewa na bibi yake akiwa shule ya upili.

Basi ufunguo wa fedha zetu ulikuwa kwa bibi kizee aliyekuwa malishoni upande wa Modogashe, akiyangoja maji yale yale. Tukamtumia ujumbe. Akapanda pikapu iliyokuwa ikirudi kutoka kupeleka miraa, akafika Garissa mjini na vumbi hadi kwenye kope. Dukani mhudumu akamwuliza nambari anazopigia mara kwa mara. Mama hakuwahi kupiga hata moja! Ikabidi binamu yangu aliyemsindikiza asimame kando, mimi nikimtajia kwa simu. Saa nane mchana laini ikafufuka ndani ya kabambe ya mama.

Nikaomba nambari ya siri. Ikafika. Papo hapo kabambe ikalia, na sauti ya kijana mpole ikasema yeye ni afisa wa tovuti, asomewe tarakimu hizo 6 ili asaidie. Nadhani kosa lilikuwa langu. Katika kundi letu la WhatsApp lenye watu 200 na ushei nilikuwa nimeeleza kila hatua, nisije nikaitwa mwizi tena.

"Nambari hii ni ya maji ya mbuzi wangu," mama akamjibu. "Wewe mbuzi wako wako wapi?" Akakata.

Ile ya kwanza ikapitwa na muda. Ya pili binamu yangu akanisomea upesi, na pale Nairobi ukurasa ukafunguka, fedha zote zimo. Jioni ile ile nikabadilisha neno la siri, nikaweka laini ya jina langu, na kuongeza watu wawili ambao bila wao fedha hazitoki. Bauza likaondoka Garissa kesho yake alfajiri.

Mpwa wangu alipata kitambulisho mwaka uliofuata, akaenda kumwomba bibi yake ile laini. Alikataa katakata. Alisema ina jina lake.