Shairi Lililotangulia Mkuki

Kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amewahi kuandika, angalau mara moja katika karatasi ya mtihani, kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Kauli hiyo imezoeleka mno hata haitushtui tena. Tunapofikia mada ya vita, kioo hicho hutufaa sana: watu hupigana, vumbi hutulia, kisha malenga huketi akatunga, nasi vizazi vya baadaye tukasoma humo yaliyotokea. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, vya 1888 na 1889, vina utenzi wake uliotungwa na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy. Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, vina utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Vita vya Kagera, vya 1978 na 1979, vilitungiwa utenzi na Henry Muhanika, nao ukachapishwa mwaka 1981. Katika mpangilio huu sanaa huja nyuma ya jeshi, ikiokota yaliyoanguka njiani.

Nia yangu katika insha hii ni kuuliza habari za upande wa pili wa msafara. Je, ni sanaa gani iliyotangulia mbele ya jeshi? Nimelisoma somo hili kwa miaka kadhaa sasa, na kadiri ninavyozidi kusoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sanaa si shahidi tu wa vita. Mara nyingi huwa imo katika vita hivyo tangu siku ambayo hakuna aliyeshika silaha bado.

Mfano wa kwanza tunao nyumbani. Karibu na mwaka 1812, Mombasa chini ya Mazrui ilishirikiana na Pate kuivamia Lamu, na mapigano yakafanyika katika ufuo wa Shela. Wengine huviita vita hivyo vita vya Kuduhu. Kilichovifanya viwe hazina kwetu wanafasihi ni kwamba miji hiyo ilipigana kwa tungo pia. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa anayekadiriwa kuishi kati ya 1776 na 1840, aliusemea mji wake na watawala wake; kule Lamu, Bwana Zahidi Mngumi na wenzake hawakukosa la kujibu. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya mashairi hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1995.

Tuyasomapo darasani, sisi huhesabu mizani, tukapima vina, tukastaajabia mafumbo, na pale kijembe kinapompata mlengwa barabara tunacheka. Ni haki yetu kucheka, kwani ufundi umo. Hata hivyo, mashairi yale hayakutungwa ili yafundishwe. Yalisomwa na kusikika barazani, mbele ya vijana waliokuwa karibu kupanda majahazi. Inasimuliwa kwamba maji yalipokupwa, vyombo vya wavamizi vilikwama mchangani, wenyewe wasipate njia ya kutorokea, wakauawa wengi papo hapo ufuoni. Isitoshe, Lamu iliyoshinda iliogopa kisasi, ikamwomba Seyyid Said wa Omani ailinde, naye akapata mguu wa kukanyagia pwani. Ngome ya Lamu ilikamilika mnamo 1821, na kufikia 1837 Mazrui wa Mombasa nao walikuwa wameng'olewa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Sisemi kwamba Muyaka aliua mtu. Ninalosema ni kwamba kijana aliyekwisha kusikia mji wa jirani ukidhihakiwa kwa vina vitamu hupanda jahazi kwa wepesi kuliko yule ambaye hajasikia. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na ulimi wa malenga ni mrefu kuliko wa watu wengine.

Ebrahim Hussein aliliona jambo hili kwa uwazi usio kifani katika *Kinjeketile*, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969. Tumezoea kuifundisha kama kazi ya ukombozi, nayo ni hivyo. Lakini ndani yake mna mtu aliyetamka neno, naye akaliona neno lenyewe likimtoka mkononi. Maji yanawaunganisha watu wa makabila yaliyokuwa yakiteta; bila imani hiyo pasingekuwa na jeshi. Maji hayo hayo yanawapeleka watu mbele ya bunduki za rashasha wakiamini kwamba risasi haitawadhuru. Kinjeketile anataka wangoje, nao hawangoji tena. Mwishoni, akiwa kifungoni, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa kukiri kungewafanya wajao waamini kwamba babu zao walikosea kupigana. Mimi huona hapo swali ambalo kila msanii anapaswa kulala nalo: neno lile lile ndilo lililowainua watu na ndilo lililowaangamiza, na aliyelitamka hana uwezo wa kulirudisha kinywani.

Huenda msomaji akasema kwamba hiyo ni tamthilia, na Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Basi na tutazame kesi iliyosikizwa mbele ya majaji, Arusha, si mbali na mpaka wetu. Mwanamuziki wa Rwanda, Simon Bikindi, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Nyimbo zake zilikuwa zimetungwa kabla ya Aprili 1994, nazo zilichezwa katika redio ya RTLM wakati mauaji ya kimbari yakiendelea. Mahakama ilibidi ijibu swali ambalo sisi hulijibu kwa insha za kurasa nne: wimbo unaweza kuua?

Hukumu ilitolewa Desemba 2008. Majaji walikubali kwamba nyimbo zile zilitungwa kwa nia ya kueneza chuki ya kikabila. Hata hivyo, hawakuridhika kwamba ilithibitishwa pasipo shaka kuwa alizitunga mahususi ili watu wauawe, wala kwamba yeye ndiye aliyeziamuru zichezwe redioni mwaka huo. Alipatikana na hatia kwa jambo jingine: maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani, mwishoni mwa Juni 1994, akichochea watu waangamize Watutsi. Alifungwa miaka 15, na rufaa yake haikufua dafu mwaka 2010. Hotuba ilipatikana na hatia, nyimbo zikaachwa nje ya kifungo.

Kisheria ninaielewa hukumu hiyo, na ninaiheshimu. Sheria hutafuta mkono uliotenda na nia iliyouongoza. Lakini mwanafasihi hawezi kuishia pale sheria inapoishia. Kazi yetu ni kueleza jinsi wimbo uliotungwa mapema ulivyolifanya tangazo la kipaza sauti lisikike kama jambo la kawaida masikioni mwa aliyeusikia kwa miaka.

Hapa ninalazimika kusema lililo karibu zaidi. Mwishoni mwa 2007 nilikuwa mtoto wa miaka kumi, na tulipanga chumba katika ploti yenye familia za makabila manne. Kwenye kibanda cha mbele palikuwa na redio, na kulikuwa na wimbo mmoja uliochezwa kila jioni kwa lugha ambayo wengi wetu hatukuifahamu. Mdundo wake ulikuwa mzuri. Watoto wote tuliuchezea ngoma. Mama mmoja jirani, aliyeielewa lugha ile, alikuwa akifunga mlango kila ulipoanza. Mwezi wa Januari alihama usiku, godoro kichwani, na hakurudi. Tume iliyoongozwa na Jaji Waki iliripoti vifo 1,133 katika ghasia zile, na ripoti yake ikazinyoshea kidole redio zilizotangaza kwa lugha za kienyeji. Ninapofundishwa kwamba sanaa ni kioo, mimi huukumbuka mlango ule ukifungwa.

Je, dawa ni kuwafunga wasanii midomo? La hasha. Anayeogopa nguvu ya neno ataishia kuwanyamazisha na wale wanaoponya. Katika majuma hayo hayo ya 2008, msanii Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, alizunguka Kibera na rangi na brashi akiandika kutani na milangoni maneno ya kuomba amani. Hakungoja vita viishe ndipo avitungie kumbukumbu. Aliingia katikati yake, kama wale wengine walivyoingia kwa nyimbo, ila yeye aliushika upande wa pili wa kamba.

Kwa hiyo, wanachama wenzangu, ninalopendekeza ni jambo dogo la kitaaluma. Tunapokutana na shairi la vita, tusiishie kuuliza lina bahari gani na linasimulia nini. Tuulize pia lilisikika lini, kabla ya damu au baada yake. Lilisikika masikioni mwa nani. Na msikilizaji alipoinuka mkekani alikwenda wapi. Maswali hayo matatu hayaupunguzi utamu wa Muyaka hata chembe. Yanamrudisha barazani, miongoni mwa vijana wenye majina na mama zao, siku chache kabla ya maji kukupwa Shela.

Wengi wetu tutakuwa walimu, wahariri na watangazaji. Tungo zitapita mikononi mwetu zikiwa bado changa, kabla hazijafika kibandani kwenye redio. Wakati huo ndio wa kuzisoma kwa makini, kwa kuwa utenzi wa kuomboleza hauna haja ya kuharakishwa.