Kununua Kioo cha Kompyuta kwa Kazi ya Video

Siku hizi hapa Kingi ni shida kuona arusi au maziko pasipo kijana mmoja aliyesimama mbele na simu au kamera mkononi. Kupiga picha si kazi kubwa. Kazi ni kuzikata, kuzipanga, kuzisahihisha rangi na kuziunga na sauti, ile kazi ambayo watu wa Goma huiita montaji. Nasi katika kikundi chetu kidogo twaulizwa mara kwa mara: Mwalimu, tununue kioo gani cha kompyuta, nasi fedha hatuna?

Swali hili si la mchezo. Kuna mama mjane mmoja ambaye mumewe alifariki wakati wa ukimbizi. Picha zake zilizosalia ni video moja tu ya dakika chache, iliyopigwa jioni penye mahema. Mama alipeleka video hiyo studio moja ya mjini, akalipa, akarudishiwa. Alipofunguliwa, alitazama kimya, kisha akasema: “Mwalimu, shati ni lake, ninalijua. Uso siuoni.” Kweli, uso ulikuwa doa jeusi. Tukaomba ile video ya asili, na tazama, uso ulikuwamo, na macho yake, na hata kovu la shavuni. Baadaye tulikiona kioo cha yule fundi. Kilikuwa cha aina hafifu, nacho kimewekwa chini ya usawa wa macho yake. Penye giza palionekana pameingia ukungu mweupe, naye akazidi kupunguza mwanga ili ukungu uondoke. Fundi hakuwa mvivu, bali kioo chake kilimdanganya. Na ngozi zetu sisi watu weusi ndizo zinazopotea kwanza kioo kikidanganya upande wa giza.

Basi, yafaa kujua ya kuwa vioo vinavyouzwa ni vya namna tatu hasa. Namna ya kwanza huitwa TN. Ndiyo rahisi kuliko zote, na ukiinamisha kichwa kidogo rangi hugeuka. Ya pili ni VA, yenye weusi mzito, lakini ukiitazama kwa upande vivuli hubadilika. Ya tatu ni IPS, nayo huonyesha rangi karibu zile zile ukikaa mbele au kando. Kwa kazi yetu twasema wazi: nunua IPS. Muuzaji akisema hajui ni namna gani, washa kioo, weka picha ya uso wa mtu, kisha simama, chuchumaa, sogea kando. Uso ukigeuka kama wa maiti, mshukuru muuzaji uende zako.

Jambo la pili ni kipimo cha rangi. Video za kawaida hutengenezwa kwa kanuni iitwayo Rec. 709, ambayo rangi zake za msingi ni sawa na zile za sRGB. Kwa hiyo tafuteni kioo kinachofikia karibu 100% ya sRGB. Kwenye makaratasi mengine mtakuta jina jingine, NTSC. Msitishike: 72% ya NTSC ni karibu sawa na sRGB nzima, bali 45% ya NTSC ni umaskini wa rangi, ndio unaokaa katika kompyuta nyingi za mkononi za bei ya chini. Mwenye kompyuta ya namna hiyo asiitupe. Aunge kioo kizuri kando yake, kazi itaendelea.

Kwa ukubwa, inchi 24 zatosha, na nukta 1920 kwa 1080 zatosha pia. Watu wetu hutazama video katika simu, wakipeana kwa WhatsApp au kwa kadi ndogo. Ya nini basi kulipia 4K, ambayo tena huichosha kompyuta dhaifu? Hali kadhalika maneno makubwa yaliyoandikwa kwenye maboksi: hertzi 144, milisekunde 1, HDR. Mawili ya kwanza ni ya wachezaji wa michezo ya kompyuta. La tatu, katika vioo vya bei ndogo, aghalabu ni pambo tu. Kioo chenye mwanga wa nits 250 chafaa kabisa katika chumba kisichopigwa na jua.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo ushauri wa watu wa mbali unapotushinda. Sisi twatumia umeme wa jua na bateri. Bateri ya volti 12 na Ah 100 ina kama wati-saa 1200, lakini bateri ya risasi haipendi kunyonywa zaidi ya nusu, basi hesabu 600. Kompyuta ya mkononi ikila wati 60 kazini, na kioo cha LED wati 20, jumla ni 80. Ongeza hasara ya konvertisa, utapata kama 95. Hizo ni saa sita na zaidi. Lakini ukinunua kioo cha zamani chenye taa za mirija ndani, chaweza kula wati 70 peke yake, nawe utafanya kazi saa nne au pungufu. Tena kioo cha mirija huwa cha manjano kikizeeka. Kwa hiyo geuza kioo nyuma, soma kibandiko cha umeme. Vingine vina adapta ya nje ya volti 12, navyo vyaweza kupewa umeme wa bateri pasipo konvertisa, mradi kuwe na kifaa cha kutuliza volti, kwa kuwa bateri inayochajiwa hupita 14.

Wenye fedha kidogo tusidharau vioo vilivyotumika maofisini Ulaya. Sisi wenyewe kuliko kipya cha chapa isiyojulikana twachagua cha zamani cha ofisi chenye IPS. Kwa mfano Dell U2412M, kilichotoka mwaka 2011, ni cha IPS, cha taa za LED, chenye nukta 1920 kwa 1200, na mguu wake hupanda na kushuka. Lakini hakina tundu la HDMI. Ulizia waya wa DVI kwenda HDMI kabla ya kuondoka dukani, la sivyo utafika Kingi na sanamu ya kuwekwa mezani. Na usikubali kulipa kabla ya kukijaribu. Chukua katika simu au flashi picha tano tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Kila nukta iliyokufa itajionyesha. Ongeza picha ya kijivu inayofifia polepole kutoka nyeusi hadi nyeupe. Ikionekana kama ngazi badala ya mteremko laini, kioo hicho hakitakuonyesha vivuli vya uso.

Mwaka 2025, mabenki ya Goma yalipofungwa na fedha taslimu kuwa adimu, wengi hawakuweza kununua kitu chochote. Kwa mtu wa namna hiyo liko jambo jingine lisilodai hata senti. Programu ya DaVinci Resolve, ile isiyolipiwa, na Kdenlive, ambayo ni ya bure kabisa, zina vipimo vinavyochora mwanga na rangi kwa mistari. Kipimo hakitegemei kioo. Kimoja huonyesha kama giza limeangukia sakafuni. Kingine ni cha duara, huonyesha rangi, nacho kina ajabu yake: ngozi za watu, weusi kwa weupe, huangukia karibu mstari mmoja, maana chini ya ngozi zote kuna damu ile ile. Kijana wa montaji akijizoeza kusoma mistari hiyo, kioo kibaya hakitamdanganya sana. Yole!Africa ya Goma, iliyoanzishwa na Petna Ndaliko Katondolo, imewafundisha vijana wengi kazi ya filamu. Mkimpata mmoja wao, mwombeni awaonyeshe.

Tuseme neno moja kando. Ndani ya kila kioo cha namna hii kuna tabaka jembamba linalopitisha umeme na mwanga pamoja, nalo limetengenezwa kwa indiamu na bati. Bati huchimbwa kwetu Walikale, pale Bisie. Labda chembe zake zimezunguka dunia nzima zikaturudia kwa dola. Hatusemi zaidi.

Mkisha kununua, pangeni safari. Barabara ya kupanda kutoka Sake ni ya mawe. Kioo kisilazwe kifudifudi wala chali, bali kisimame wima kama kilivyo mezani, katikati ya magodoro mawili, mguu wake umefunguliwa na kufungwa peke yake. Dereva wa pikipiki atasema hakuna shida. Mlipeni nafasi ya abiria wa pili, akae mtu nyuma akishike.