Pete Isiyoonekana Pichani

Makala hii tunaiandika wawili, kwa neno "sisi". Kwa miaka minne neno hilo halikuwapo kati yetu. Sisi ni ndugu, baba mmoja mama mmoja, wazaliwa wa Chunyu, ambako mahitaji hufuatwa Nachingwea au Ruangwa na madeni ya mwaka hungoja korosho.

Baba yetu alikuwa katekista. Pamoja na kufundisha dini, alipiga picha. Alikuwa na kamera ya Zenit, iliyotengenezwa enzi za Muungano wa Kisovyeti, nzito kama tofali na isiyohitaji betri. Alipiga ubatizo, komunyo ya kwanza, ndoa na mazishi. Mikanda aliipeleka mjini kusafishwa, na picha ziliporudi uwanja wetu ulijaa watu. Hadi leo nyumba nyingi za kigango chetu zina picha zake ukutani.

Alipofariki hakuacha wosia, nasi tukagombea shamba la mikorosho. Aliyebaki nyumbani alisema, "Mimi ndiye niliyepalilia na kupuliza salfa miaka yote." Aliyekuwa Dar es Salaam alisema, "Na hiyo salfa nani aliinunua? Na matibabu ya baba nani aliyalipa?" Kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja aliishika kweli yake kama panga. Tukaacha kusalimiana. Mdogo alipokuja likizo, mmoja alikaa upande wa kulia wa kanisa, mwingine kushoto, na wote wawili tulikwenda kupokea Komunyo. Tunaona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kamera ya baba ilibaki kwa mkubwa, ndani ya sanduku la bati. Mdogo alikuwa na Nikon ya dijitali, ya mtumba, aliyoinunua kwa ajili ya kazi za harusi.

Kisha mama akaugua. Tulikutana kitandani kwake bila kutazamana. Tulidhani atazungumzia shamba. Akasema, "Wanangu, nataka picha." Tukamwuliza picha ya nani. "Yangu mimi. Baba yenu alipiga kigango kizima. Mimi nilikuwa namshikia mwavuli, jua lisimwingilie kwenye kioo."

Usiku ule tulifungua albamu zote. Alisema kweli. Tulimwona mara moja tu: mkono na ukingo wa mwavuli, pembeni mwa maarusi tusiowajua.

Asubuhi mdogo alitoa Nikon yake. Mama akatikisa kichwa. "Kwa kioo kile kile alichonitazamia baba yenu." Basi mmoja alikuwa na kioo, mwingine alikuwa na kamera, na hakuna aliyeweza kumtimizia mama haja yake peke yake.

Zenit yenyewe ilikuwa imekwama, haifyatuki tena. Lenzi yake, Helios 44-2, ilikuwa nzima, ila grisi imekauka na kuvu imetanda kiooni kama utando wa buibui. Fundi aliisafisha. Lakini lenzi ile hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, kwa uzi wa kipenyo cha milimita 42, na Nikon ina mdomo wa namna nyingine kabisa. Ili viungane lazima iwepo pete ya chuma katikati, ambayo mafundi huiita adapta. Upande mmoja umechongwa kwa ajili ya lenzi ya zamani, upande wa pili kwa ajili ya kamera ya leo. Mdogo aliiagiza, na tulingoja majuma matatu.

Ilipofika ikatuvunja moyo. Mti wa mbali haukutulia, paa la kanisa lilikuwa ukungu mtupu. Sababu yake tuliielewa baadaye. Lenzi ile ilipimwa ikae milimita 45.46 kutoka kwenye mkanda, lakini mdomo wa Nikon wenyewe uko milimita 46.5 kutoka mahali picha inapotua. Tayari lenzi imechelewa kwa milimita moja, na pete inaiongezea umbali. Kwa tofauti ndogo hivyo, kila kilicho mbali kinapotea. Ziko pete zenye kioo kidogo cha kurekebisha kasoro hiyo, yetu haikuwa nacho. Ilikuwa inaona vizuri kilicho ndani ya mita mbili hivi tu.

Tulipomweleza mama kwa masikitiko, alicheka. "Basi sogeeni karibu."

Tukasogea. Tulimketisha kwenye mkeka, kivulini, karibu na mlango. Lenzi ya zamani haizungumzi na kamera mpya: hakuna waya, hakuna kujilenga yenyewe, wala kamera haijui kama imefungwa lenzi. Kila kitu hufanywa kwa mkono. Mkubwa alikumbuka baba alivyotumia zile pete mbili za tundu la mwanga: moja ya kuchagua kipimo, nyingine ya kufungua wakati wa kulenga na kufunga kabla ya kufyatua. Mdogo alijua kuipangia kamera kasi na kusoma mwanga. Mmoja alizungusha, mwingine akatazama. "Rudisha kidogo, kaka." "Hapo?" "Hapo hapo." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza ya upole kwa miaka minne.

Picha nyingi ziliharibika. Nyingine giza, nyingine imelenga sikio badala ya jicho. Mama alivumilia. Hatimaye ikapatikana moja: uso wake umejaa, mikunjo yote iko wazi, na nyuma yake mwanga wa majani umelainika. Anatutazama kama alivyokuwa akimtazama baba.

Jioni ile hatukuhitaji kuitwa. Tulikaa uani tukazungumza, na juma lililofuata tuliwaomba wazee wa jumuiya watupimie shamba. Tusiseme uongo, hatukumaliza yote. Mikorosho mitatu ya mpakani hatujakubaliana ni ya nani. Tumekubaliana jambo moja: mavuno yake ni ya mama.

Tumeifikiria sana ile pete. Haina kioo, haiongezi uzuri wowote, na huwezi kuiona katika picha hata moja. Kazi yake ni kushikwa pande mbili na vitu ambavyo havikutengenezwa vikutane. Mama yetu amekuwa hivyo maisha yake yote, hata pembeni mwa albamu. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho mara ya pili, anasema kwamba Mungu alitupatanisha naye kwa Kristo, kisha akatukabidhi sisi huduma hiyo ya upatanisho. Tuliwahi kulisoma somo hilo kanisani kwa sauti, kila mmoja kwa zamu yake, bila kulisikia. Tulidhani upatanisho ni kuona mwisho wa ugomvi kwanza, ndipo tusogee. Mama alitufundisha kwamba kwa pete tuliyopewa, ya mbali hayaonekani, na anayetaka kuona sharti asogee.

Picha ile iko ukutani kwa mama, karibu na msalaba. Anaendelea vizuri, anatembea kwa mkongojo hadi kanisani. Sasa tunakaa benchi moja, yeye katikati.

Ndugu msomaji, kama kwenu kuna sanduku ambalo halijafunguliwa tangu msiba, na ndugu ambaye ana nusu iliyobaki, mwite. Usingoje pete iliyo kamili.